Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini huandikiwa nani hasa?

#1 Mwanakuze
Salaam, wanajamvi. Nina dai moja ambalo ningependa mlipime. Karatasi anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani haikuandikwa kwa ajili yake. Jina lililo juu ni lake, bili iliyoambatana nayo ni yake, na ni yeye atakayeihifadhi pamoja na kitambulisho chake, lakini hakuna mstari hata mmoja unaomsemesha yeye.

Nitatoa mfano. Jirani yetu aliruhusiwa mwanzoni mwa mwezi wa Mei kutoka hospitali moja ya hapa mjini, baada ya kulazwa kwa sababu moyo ulishindwa kusukuma damu ipasavyo, miguu ikavimba na pumzi zikawa fupi. Chini kabisa ya karatasi paliandikwa "TCA 5/7". Kijana wake, ambaye amemaliza kidato cha nne na Kiingereza hakimpigi chenga, alielewa kuwa ni tarehe 5 Julai, akaitia alama kwenye kalenda. Kumbe mzee alitakiwa arudi baada ya siku tano. Kabla ya Mei kwisha alirudishwa wadini akiwa hawezi kulala chali.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini karatasi hizi zimekuwa ngumu kiasi hiki? Na ni nani aliye na wajibu wa kuzirahisisha?

#2 NesiMstaafu
Ahsante kwa mada. Niwafafanulie wasiojua. TCA ni kifupi cha Kiingereza chenye maana kwamba mgonjwa arudi tena. Namba ya chini ndiyo inayotaja kipimo cha muda: 7 ni siku, 52 ni majuma, 12 ni miezi. Kwa hiyo 5/7 ni siku tano, 2/52 ni majuma mawili, na 1/12 ni mwezi mmoja. Tulifundishwa hivyo chuoni, na katika wadi yenye vitanda vilivyojaa mtindo huo huokoa muda.

Ndugu Mwanakuze, jibu la swali lako la kwanza ni jepesi: ile ni barua ya daktari kwenda kwa daktari mwenzake. Atakayempokea mgonjwa kliniki anataka kujua alikuwa na nini, alipimwa nini, alipewa nini na anatarajiwa lini. Mgonjwa alikuwa anaelezwa kwa mdomo. Mimi nilikuwa nikikaa kando ya kitanda, namweleza dawa moja baada ya nyingine, kisha ndipo nampa karatasi. Haikukusudiwa kusimama peke yake.

#3 MzeeWaFeri
Kwa hiyo, Bi Nesi, wale walioruhusiwa mwanzoni mwa Novemba wakaandikiwa 1/12 walifika kliniki kwa wakati kwa bahati njema tu, huku wakidhani wanafuata kalenda.

#4 TabibuChangamwe
Mzee, umecheka lakini jambo hilo hutokea kweli.

Niongeze sababu nyingine, kwa kuwa mimi huziandika karatasi hizo. Tatizo kubwa ni muda na mahali zinapoandikiwa. Daktari mkuu hupita wadini asubuhi, husema huyu aende nyumbani na yule aende nyumbani, kisha anaendelea na kitanda kinachofuata. Anayebaki kuandika ni kijana wa mwaka wa mazoezi au afisa wa kliniki, naye huziandika zote kwa mkupuo, huku jamaa za wagonjwa wamesimama mlangoni kwa sababu bila karatasi hiyo hawawezi kumalizana na malipo, na wasipomalizana leo kitanda kitahesabiwa hadi kesho. Katika hali hiyo hakuna mwenye nia ya kumtesa mgonjwa. Mwandishi anaandika kifupi kwa sababu ndicho kinachowezekana, na mgonjwa mwenyewe wakati huo hasikilizi habari za dawa, kwa kuwa mawazo yake yote yako kwenye bili na usafiri wa kurudi nyumbani.

#5 BintiMjiKale
Bi Nesi, kwa heshima yote, siafiki kwamba maelezo ya mdomo yanatosha. Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Roy Kessels, aliandika mwaka 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ambayo wagonjwa hupewa na wahudumu wa afya husahauliwa papo hapo. Utafiti mwingine uliofanywa New York na kuchapishwa mwaka 2005 uliwahoji wagonjwa 43 waliokuwa wakiruhusiwa: asilimia 41.9 pekee ndio walioweza kutaja ugonjwa wao, na asilimia 27.9 ndio walioweza kutaja dawa zao zote. Hao walikuwa bado hawajatoka hospitali.

Kwetu kuna jambo la zaidi. Unayemweleza kando ya kitanda siye atakayetoa dawa. Nyumbani kwetu dawa za bibi hutolewa na mke wa kaka yangu, ambaye huingia hospitalini wakati wa kuona wagonjwa, akaacha chakula na kuondoka. Siku ya kuruhusiwa aliyekuwepo alikuwa amu, na amu aliyoyakumbuka ni mawili: kwamba chumvi imekatazwa na kwamba daktari alikuwa mpole.

#6 MwalimuLikoni
Mnazunguka bila sababu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya taifa hili, na Sheria ya Afya inalazimisha mgonjwa apewe maelezo kwa Kiswahili. Karatasi ya Kiingereza pekee inavunja sheria. Mtu mmoja akienda mahakamani, jambo hili litakwisha.

#7 WakiliMvita
Maalim, naomba nikurekebishe katika mambo mawili. Kwanza, Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Karatasi ya Kiingereza, kwa hiyo, haivunji Katiba kwa kuwa tu ni ya Kiingereza. Pili, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 katika kifungu cha 8 haitaji Kiswahili. Inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake na njia za tiba, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Lugha hiyo inaweza kuwa Kidigo, Kigiriama au Kisomali.

Tazameni pia kwamba kifungu hicho kinahusu kueleza. Sheria ya afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 imekwenda hatua moja zaidi, kwa sababu inamtaka mhudumu ampe mgonjwa ripoti siku anayoruhusiwa.

#8 MwalimuLikoni
Nashukuru, Wakili. Hata hivyo hayo maneno "pale inapowezekana" ni mlango mpana mno. Hospitali iliyopo Mombasa itamwambia jaji, kwa uso mkavu, kwamba haikuwezekana kupata mtu wa kuandika Kiswahili?

#9 DaktariWaMazoezi
Hamjambo. Mimi niko katika mwaka wa mazoezi, kwa hiyo mimi ndiye yule kijana aliyetajwa na Tabibu hapo #4. Maelezo yake ya muda ni ya kweli, lakini nadhani hata tungepewa saa nzima kwa kila mgonjwa tungeandika vivyo hivyo, ila kwa urefu zaidi. Tuliyofundishwa ni kuandika muhtasari ambao mwalimu wetu hataupata na kasoro: ugonjwa kwa jina lake kamili, vipimo, matokeo, dawa, mpango. Nilisahihishwa mara nyingi kwa kusahau kipimo cha figo. Sikumbuki kusahihishwa kwa sababu mgonjwa hakuelewa.

Isitoshe, karatasi ni moja na wasomaji ni wengi. Anaisoma daktari wa kliniki, anaisoma mtunza kumbukumbu, anaisoma mwajiri anayetaka kuthibitisha siku za ugonjwa, na anaisoma mlipaji. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa zamani, dai la malipo bado linahitaji ugonjwa utajwe kwa jina la kitaalamu. Nikiandika kwamba moyo wa mzee umechoka, mgonjwa ataelewa, lakini ofisi ya madai itaniita.

#10 MfamasiaMajengo
Habari zenu. Ninaona mnazungumzia jina la ugonjwa, ilhali madhara mengi niyaonayo dirishani yanatoka kwenye mstari wa dawa. OD (mara moja kwa siku), BD (mara mbili), TDS (mara tatu), PRN (inapohitajika): vifupi hivi asili yake ni Kilatini, na mgonjwa anapofika kwangu anadhani ni sehemu ya jina la dawa. Kuna mama aliyeniambia kwamba dukani alipewa dawa tofauti kwa sababu yake ilikuwa "ya BD" na hiyo haikuwa na BD.

Kisha kuna "1 x 3" tunayoiandika wenyewe kwenye bahasha za dawa. Sisi tunakusudia kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mtu aliyesoma hesabu shuleni anapata tatu, na nimeshuhudia aliyemeza vitatu kwa pamoja. Kwa insulini hatari ni kubwa zaidi: herufi U, kifupi cha yuniti za dawa, ikiandikwa kwa haraka baada ya namba huonekana kama sifuri, na 10 inageuka 100. Ndiyo maana huko Marekani taasisi inayoidhinisha hospitali, Joint Commission, ilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupi visivyoruhusiwa, na U ni mojawapo. Sifuri ya mwisho pia imo, kwa maana 1.0 nukta yake ikififia husomeka 10.

Na kabla hatujaenda mbali, tukubaliane kuhusu saa. Mwenzangu aliandika "saa 8" akikusudia saa za Kizungu za asubuhi. Mgonjwa akameza dawa saa nane mchana kila siku, akiwa mtiifu kabisa.

#11 MzeeWaFeri
Mtiifu kuliko daktari. Mimi nimevuka Likoni miaka mingi na sijawahi kuona mtu aliyekosa feri kwa sababu ya saa ya Kiswahili, lakini hospitalini inaelekea saa hiyo imepigwa marufuku.

#12 MkaziWaTanga
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Msidhani kwamba huku kwetu, kwa kuwa Kiswahili kimeshika kila kitu, tatizo limekwisha. Maelezo ya mdomo ni ya Kiswahili tangu mlangoni hadi wadini, lakini mafaili na karatasi nyingi za kitabibu bado ni za Kiingereza. Kuhusu saa, nimeona mahali wanachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro wanaandika idadi ya vidonge. Asiyejua kusoma anaelewa.

#13 BintiMjiKale
Michoro ni mizuri, lakini nauliza: mwezi wa Ramadhani jua la utosini linakuwa na kazi gani? Nusu ya mtaa wetu wanaotumia dawa za presha na sukari hufunga, wengine kwa ruhusa ya daktari na wengine bila kumwambia mtu. Wanajipangia wenyewe: ya asubuhi inahamia daku, ya usiku inahamia futari, na ya mchana inaachwa au inaunganishwa na nyingine. Sijaona karatasi ya kuruhusiwa, katika mji huu wenye misikiti kila kona, iliyoandika neno moja kuhusu kufunga.

#14 MfamasiaMajengo
Dada, umegusa penyewe. Anayetumia insulini, au vidonge vya sukari vya jamii ya gliklazidi, anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia akifunga huku akiendelea na kipimo kile kile. Wapo wanaoweza kupangiwa upya wakafunga kwa usalama, na wapo ambao hawapaswi kufunga kabisa. Uamuzi huo unahitaji daktari kabla ya mwezi kuandama, na kuhamisha dawa kwa kukisia ni hatari. Mstari mmoja kwenye karatasi ungetosha: "Ukikusudia kufunga, njoo utuone kwanza."

#15 MwanaDiaspora
Nawasoma nikiwa Marekani, ambako nafanya kazi hospitalini. Huku jambo hili limefanyiwa majaribio. Katika hospitali ya Boston Medical Center walibuni mpango wa kuruhusu wagonjwa ambapo nesi maalum alimwandalia kila mgonjwa kijitabu chake chenye dawa, tarehe za kurudi na maelezo ya ugonjwa, kisha mfamasia alimpigia simu siku chache baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kati ya watu wazima 749, waliopata huduma hiyo walirudi hospitalini au kwenye idara ya dharura kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 30 ndani ya siku 30.

Siku hizi, hata hivyo, nesi huyo hahitajiki. Programu za akili mnemba zinageuza karatasi nzima kuwa lugha nyepesi kwa sekunde chache. Chuo Kikuu cha New York kilichapisha utafiti wake mwaka 2024, na tatizo limemalizwa.

#16 DaktariWaMazoezi
Ndugu MwanaDiaspora, utafiti huo nimeusoma, nao haukusema kwamba tatizo limemalizwa. Walichukua karatasi 50. Ni kweli kwamba kiwango cha usomaji kilishuka kutoka darasa la 11 hadi takriban darasa la 6, na hilo ni jambo kubwa. Lakini madaktari walipozikagua, katika tathmini 18 kati ya 100 walionyesha wasiwasi kuhusu usalama wa mgonjwa, hasa kwa mambo muhimu yaliyoachwa, na mara chache kwa mambo ambayo programu iliyabuni yenyewe. Waandishi walisisitiza kwamba daktari lazima asome kabla ya kumpa mgonjwa. Ukiwa na wadi ya Tabibu wa #4, huyo daktari wa kusoma mara ya pili atatoka wapi?

Tena ilikuwa Kiingereza kigumu kwenda Kiingereza chepesi. Kutoka Kiingereza cha vifupi kwenda Kiswahili anachokielewa mtu wa Mtongwe ni safari nyingine.

#17 WakiliMvita
Na msisahau Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Habari za afya zimewekwa katika kundi la data nyeti. Daktari anayenakili karatasi ya mgonjwa na kuibandika kwenye programu ya simu yake anajiingiza katika jambo ambalo hospitali yake huenda haikuliruhusu.

#18 NesiMstaafu
Kwa kuwa tumefika kwenye siri, niseme jambo ambalo nimelinyamazia tangu mwanzo. Mnaviona vifupi kama dharau au uvivu. Baadhi yake viliwekwa kwa huruma. Karatasi ya kuruhusiwa haisomwi na mgonjwa peke yake. Inasomwa na jirani aliyeombwa kuitafsiri, na dereva wa tuktuk aliyeulizwa dawa zinapatikana wapi, na shemeji anayetafuta lake. Mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi akiandikiwa RVD, yule jirani atapita juu yake bila kujua. Akiandikiwa kwa Kiswahili chepesi kama mnavyotaka, nyumba nzima itajua kabla dawa hazijanunuliwa. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza kutoa siri hiyo bila ridhaa, lakini haiwezi kumzuia mwenye nyumba kuokota karatasi iliyoanguka sebuleni. Wapo wagonjwa walionisihi kwa machozi nisiandike jina la ugonjwa. Mimi sikuona kwamba kazi yangu ni kuwarahisishia majirani.

#19 Mwanakuze
Bi Nesi, hoja hii sikuitarajia, na ni nzito. Lakini presha, sukari na moyo si magonjwa ya kufichwa, na ndiyo yanayowarudisha watu wadini kwa karatasi zisizosomeka. Nimejaribu kuandika upya karatasi ya jirani yangu kwa msaada wa mhudumu mmoja. Ilikuwa na dawa mbili na ile TCA. Ikosoeni.

"Ulilazwa kwa sababu moyo wako haukuwa na nguvu ya kutosha ya kusukuma damu, na maji yakajaa miguuni na kwenye mapafu. Umepata nafuu, lakini ugonjwa haujakwisha, kwa hiyo utaendelea na dawa hata ukijisikia mzima. Furosemidi ya miligramu 40: kidonge kimoja kila siku asubuhi. Itakupeleka haja ndogo mara nyingi, na hiyo ndiyo kazi yake. Enalaprili ya miligramu 5: kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Ukipata kikohozi kikavu kisichoisha, tuambie, usiiache mwenyewe. Ukivimba midomo au uso, acha kuimeza na uje hospitali mara moja. Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu bila kuuliza, kwa sababu zinazuia maji kutoka mwilini. Njoo siku hiyo hiyo ukiongeza kilo 2 au zaidi ndani ya siku tatu, ukihitaji mito zaidi ili ulale, au ukishtuka usiku ukitafuta pumzi. Rudi kliniki Jumatatu, tarehe 12 Mei, saa 2 asubuhi, na ulete dawa zako zote."

#20 TabibuChangamwe
Imeandikwa vizuri, na tarehe sasa haina utata. Nina pingamizi kuhusu kilo. Ni nyumba ngapi zina mizani? Labda ajipime kwa wale vijana wenye mizani za barabarani, ambazo kila moja ina uzito wake. Mimi ningeongeza: "Bonyeza mguu juu ya kifundo kila asubuhi, alama ya kidole ikibaki, au viatu vikianza kubana, njoo."

#21 MfamasiaMajengo
Kasoro kubwa ni dawa za zamani. Mzee huyo hakuingia hospitalini mikono mitupu. Nyumbani ana mfuko wa vidonge, na karatasi hii haimwambii vipi aviendeleze na vipi avitupe. Wengi wanaorudi kwangu wanameza dawa moja kwa majina mawili, moja kwa jina la kampuni na nyingine kwa jina la dawa yenyewe, kwa sababu maboksi hayafanani. Karatasi lazima iseme mambo matatu waziwazi: hii ni mpya, hii endelea nayo, hii imesimamishwa. Ukiacha hilo la tatu, mengine yote uliyoyaandika kwa ufasaha hayatamkinga.

#22 MwalimuLikoni
Nami nauliza imeandikiwa msomaji gani. Ina sentensi nyingi kwa mtu aliyeacha shule darasa la tatu, na kwa bibi wa Matuga ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, haina tofauti na ile ya Kiingereza. Kijitabu cha mama na mtoto kina picha za dalili za hatari, na mama hukihifadhi miaka mitano bila kukipoteza. Kwa nini mgonjwa wa moyo asipewe kitu cha namna hiyo?

#23 KijanaWaBamburi
Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Mnasahau kwamba wagonjwa wenyewe wanaitaka ya Kiingereza. Baba yangu alipopewa maelezo ya Kiswahili na zahanati moja aliyakunja akayatia mfukoni, akauliza "karatasi yenyewe" iko wapi. Kwake, kisichosomeka ndicho kilichoandikwa na mtu aliyesoma. Mkiirahisisha, wengine watadhani wamepewa huduma ya daraja la chini.

#24 MzeeWaFeri
Kijana, babako si peke yake. Mimi huamini dawa zaidi mwandiko unapokuwa mbaya.

#25 BintiMjiKale
Nadhani KijanaWaBamburi amechanganya sababu na matokeo. Watu wameiheshimu karatasi isiyosomeka kwa sababu ndiyo pekee waliyowahi kupewa. Huko Uingereza muungano wa vyuo vya madaktari ulitoa mwongozo mwaka 2018 ukiwahimiza madaktari wa kliniki wamwandikie barua mgonjwa mwenyewe, na nakala iende kwa daktari wake wa mtaani. Si kinyume chake. Hakuna aliyesema kwamba madaktari wa Uingereza wamejishusha.

#26 NesiMstaafu
Dada, kliniki ya Uingereza ina mwandishi wa kupiga chapa barua hizo. Hapa hata karatasi tupu huisha.

Andikeni mtakavyoandika, lakini msiache kumwuliza mgonjwa. Usimwulize "Umeelewa?", kwa sababu kila mtu mwenye adabu hujibu ndiyo. Mwulize: "Ukifika nyumbani, mkeo akikuuliza dawa hii unaimeza vipi, utamjibuje?" Akikosea, uliyekosea ni wewe uliyeeleza, na unaanza upya. Haihitaji programu wala mchoro.

#27 DaktariWaMazoezi
Bi Nesi, hilo nitalifanya, na tarehe ya kurudi nitaiandika kamili pamoja na siku ya juma, kwa kuwa hakuna ninayehitaji kumwomba ruhusa. Kwa yaliyobaki nadhani suluhisho ni karatasi mbili: moja ya kitaalamu kwa ajili ya kliniki na malipo, nyingine ya mgonjwa. Hapo hata siri inaweza kulindwa, kwa sababu mgonjwa ataulizwa nini kiandikwe kwenye ile yake.

#28 WakiliMvita
Karatasi mbili zikipingana, daktari, ipi itaaminiwa? Ya kitaalamu ikisema kidonge kimoja na ya mgonjwa ikisema viwili, na mgonjwa akadhurika kwa kufuata ile aliyoielewa, wewe uliyetia sahihi zote mbili utajibu nini?

#29 TabibuChangamwe
Atajibu kwamba aliiandika ya pili akiwa amechoka, jambo linalotokea pia kwa ile ya kwanza. Mimi napendelea moja, iliyogawanywa katikati: juu lugha ya mgonjwa, chini lugha yetu, na mstari wa dawa uandikwe mara moja tu, kwa maneno kamili yanayosomwa na pande zote mbili.

#30 MfamasiaMajengo
Hapo kwenye mstari wa dawa nakuunga mkono, Tabibu. Ila nieleze: ile ya kila baada ya saa sita utaiandikaje bila kumwamsha mtu saa sita za usiku kila siku, na bila kumfanya adhani ni saa sita za mchana pekee?